Msaada wa takwimu kwa utafiti wa tiba: pa kuupata, cha kwenda nacho, na programu za kutumia

Ombi ninalolipokea mara nyingi kuliko yote huja hivi: faili la Excel lenye jina "data final mpya 3", na chini yake mstari mmoja, "Naomba unichambulie, nawasilisha tasnifu Ijumaa." Hakuna swali la utafiti, hakuna maelezo ya safu, hakuna neno lolote kuhusu wagonjwa walivyopatikana. Aliyeandika si mvivu. Mara nyingi ni daktari aliyetoka zamu ya usiku, aliyefundishwa takwimu kwa muhula mmoja tu, kisha akaachiwa utafiti mzima mikononi. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka, na mwongozo huu nauandika kwa ajili yake.

Msaada wa takwimu upo, na mwingi ni wa bure. Tatizo ni kwamba watu huutafuta data zikiwa zimeshakusanywa. Hesabu iliyokosewa hurudiwa mchana mmoja ikaisha. Kipimo ambacho hakikuchukuliwa kwa wagonjwa 200 hakirudi tena, na wagonjwa wale walikubali kujibu maswali na kutoa damu wakiamini kuna kitu kitajulikana.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuwasha kompyuta

Chukua karatasi, andika sentensi moja inayosema ni wagonjwa gani, wanafanyiwa nini, wanalinganishwa na nani, na matokeo yatapimwa kwa kitu gani na lini. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: "Je, wagonjwa wa shinikizo la damu wanaotumiwa ujumbe wa simu siku mbili kabla ya kliniki hukosa kliniki kidogo kuliko wasiotumiwa, katika muda wa miezi sita?"

Inaonekana imekamilika, lakini hebu tazama neno "hukosa". Aliyefika siku tatu baada ya tarehe yake, amekosa au hajakosa? Aliyekosa mara moja kati ya mara sita tumhesabu vipi? Tuseme aliyekosa ni yule ambaye, angalau mara moja, zilipita siku saba tangu tarehe aliyopangiwa bila yeye kufika. Sasa jibu la kila mgonjwa ni ndiyo au hapana, na hapo nusu ya uchambuzi imeshaamuliwa. Jibu la ndiyo au hapana hulinganishwa kwa asilimia au kwa regresheni ya lojistiki, yaani njia ya kukadiria uwezekano wa jibu la ndiyo kwa kuzingatia mambo kadhaa kwa pamoja. Kama ungepima presha yenyewe kwa milimita za zebaki, ungelinganisha wastani. Na kama ungehesabu siku hadi mgonjwa aache kliniki kabisa, ungehitaji mbinu za muda hadi tukio, yaani mchoro wa Kaplan na Meier wa mwaka 1958 na modeli ya Cox ya mwaka 1972, kwa sababu utafiti utafungwa wakati wengine bado wanahudhuria, na siku zao huwezi kuzichanganya na za walioacha.

Chagua tokeo kuu moja. Mengine yaite ya ziada, na uyaandike yote sasa. Ukijaribu matokeo 20 yasiyo na tofauti yoyote ya kweli, kwa kiwango cha 0.05 (yaani ukikubali nafasi ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwepo), tarajia moja litaonekana lina tofauti kwa bahati tu.

Hatua ya 2: Idadi ya wagonjwa

Kuna namba inayonakiliwa kutoka pendekezo moja la utafiti hadi jingine: 384. Nimeiona kwenye tafiti za macho, za saratani, za watoto njiti. Inatoka hapa: ukitaka kukadiria asilimia moja katika jamii kubwa, ukidhani ni 50, ukakubali kosa la pointi 5 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, unapiga 1.96 × 1.96 × 0.5 × 0.5, unagawanya kwa 0.05 × 0.05, unapata 384.16. (Na kwa kuwa idadi hupandishwa juu, ilipaswa kuwa 385.) Namba hiyo inajibu swali la "ni wangapi wana tatizo hili?" Haina la kusema kuhusu makundi mawili yanayolinganishwa.

Turudi kwenye ujumbe wa simu. Tuseme daftari la kliniki linaonyesha asilimia 30 hukosa, na wewe na wenzako mnaona wakishuka hadi 20 mpango utastahili gharama yake. Kwa nguvu ya utafiti ya asilimia 80 (yaani uwezekano wa kuiona tofauti hiyo ikiwa ipo kweli) na kiwango cha 0.05, unahitaji wagonjwa kama 291 kila kundi. Ukisema utaridhika wakishuka hadi 25 tu, idadi inaruka hadi karibu 1,250 kila kundi. Tofauti imepungua nusu, wagonjwa wameongezeka zaidi ya mara nne. Ndiyo maana mtakwimu atakubana sana kwenye swali la "tofauti gani ina maana kwako?" Hilo hawezi kukujibia. Ni lako wewe unayewajua wagonjwa.

Kisha ongeza watakaopotea njiani. Ukitarajia asilimia 10 wahame au wabadili namba za simu, gawanya 291 kwa 0.9, upate 324. Na kama hutagawa mgonjwa mmoja mmoja bali kliniki nzima inatumiwa ujumbe na nyingine haitumiwi, hesabu inabadilika tena, kwa sababu wagonjwa wa kliniki moja hufanana. Kliniki yenye wagonjwa 20, ikiwa kufanana kwao, kwa kipimo ambacho 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni kufanana kabisa, ni 0.05, inakupa kizidishi cha 1 + 19 × 0.05, yaani 1.95. Wagonjwa 291 wanakuwa 568 kila kundi, kabla hata ya kuwaongeza wale wa kupotea. Hili la mwisho husahauliwa kuliko yote, na siku ya kutetea tasnifu halirekebishiki.

Programu za bure za hesabu hizi zipo. G*Power, ya Chuo Kikuu cha Heinrich Heine kilichoko Düsseldorf, inatosha kwa mipango mingi ya kawaida. OpenEpi inafanya kazi ndani ya kivinjari, na inafaa zaidi kwa asilimia na tafiti za epidemiolojia. Ukiona moja inakupa 291 na nyingine 294, usihangaike: zinatumia fomula zinazotofautiana kidogo. Andika uliyotumia. Ila mkutano wako wa kwanza na mtakwimu uwe hapa, kabla pendekezo halijaenda kamati ya maadili.

Hatua ya 3: Mtafute mtu

Anzia karibu. Chuo chenye kitivo cha tiba huwa na watu wa takwimu za afya, mara nyingi chini ya idara ya epidemiolojia au afya ya jamii, na wengine hupanga siku maalumu za kupokea watafiti bila malipo. Hospitali ya kufundishia inaweza kuwa na kitengo cha utafiti. Idara ya hisabati ina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta data halisi za kujifunzia. Ukimpata mmoja, hakikisha msimamizi wake naye anajua na yumo, maana mwanafunzi peke yake anaweza kuhitimu akaondoka katikati ya kazi yako. Maktaba nayo watu huisahau: wakutubi wa tiba ndio mabingwa wa kutafuta makala kwa ajili ya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote zilizofanywa kuhusu swali moja, na mara nyingi ndio wanaojua chuo kina leseni ya programu gani.

Njia ninayoipenda zaidi ni hii. Fungua makala tano za karibuni zilizotoka taasisi yako, zenye utafiti unaofanana na wako. Soma sehemu ya mbinu na sehemu ya shukrani. Jina linalojirudia ndilo la mtu unayemtafuta.

Kama shirika lako halina mtu kabisa, kuna kikundi cha Statistics Without Borders, kilicho chini ya chama cha wanatakwimu cha Marekani, kinachotoa msaada wa kujitolea kwa mashirika yasiyo ya faida. Kuna pia washauri wa kulipwa. Mzuri utamtambua mapema: atakuuliza maswali mengi kabla ya kutaka kuona data. Atakayekuuliza "unataka p itoke ngapi?" muage hapo hapo. (Thamani ya p huonyesha jinsi data zako zingekuwa za kushangaza kama tofauti isingekuwepo; haipangwi.)

Unapomwandikia, mpe kitu cha kushika. Barua ya namna hii hujibiwa:

"Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa tiba ya ndani. Napanga utafiti wa kuona kama ujumbe wa simu hupunguza wagonjwa wa presha kukosa kliniki. Tokeo kuu ni kukosa angalau mara moja kwa miezi sita, ndiyo au hapana. Sijaanza kukusanya data. Pendekezo linakwenda kamati ya maadili baada ya wiki sita. Naomba dakika 40 zako kuhusu idadi ya wagonjwa na namna ya kuwagawa. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa maelezo na dodoso."

Mkikutana, maliza mapema suala la malipo na la jina. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, inayojulikana kwa herufi ICMJE, ina masharti manne ya mtu kuwa mwandishi: mchango wa maana katika kubuni kazi au katika data na uchambuzi, kushiriki kuiandika au kuihakiki kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Aliyekuonyesha kitufe cha kubonyeza anastahili shukrani. Aliyepanga nawe utafiti na kuchambua data yote apewe nafasi ya kutimiza masharti yaliyobaki. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa jambo hili ambalo lingezungumzwa kwa dakika tano. Na kama unaomba fedha za utafiti, weka saa za mtakwimu kwenye bajeti kama unavyoweka vitendanishi vya maabara.

Hatua ya 4: Data ziingie safi

Daktari mmoja aliniletea jedwali la wagonjwa 100. Wastani wa umri ulikuwa karibu miaka 63. "Hawa ni wazee," nikamwambia. Akashangaa: kliniki yake ilikuwa ya vijana. Tukapanga safu ya umri kutoka mdogo hadi mkubwa, na mwisho kabisa wakatokea watatu wenye umri wa miaka 999. Msaidizi wake alikuwa ameandika 999 kila umri ulipokosekana, bila kumwambia mtu. Wale 97 wengine wastani wao ulikuwa 34. Namba tatu zilizeesha kliniki nzima kwa karibu miaka 30, na programu haikulalamika, kwa sababu kwake 999 ni namba kama namba nyingine.

Kwa hiyo: umri usiojulikana, acha seli wazi, au tumia alama iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya safu na kutangazwa kwa programu. Mgonjwa mmoja, mstari mmoja. Kama anapimwa mara nyingi, kila ziara iwe na mstari wake na namba ya mgonjwa ijirudie. Presha usiiandike 120/80 kwenye seli moja, maana programu itaisoma kama maneno. Fanya safu mbili, ya juu na ya chini. Tarehe ziandike kwa mtindo wa 2023-04-03, kwa sababu 03/04/2023 ni Aprili kwa huyu na Machi kwa yule. "Mke", "mke " yenye nafasi mwishoni na "KE" ni jinsia tatu mbele ya kompyuta. Na usitumie rangi ya njano kumaanisha "alifariki". Rangi haichambuliwi.

Excel ni nzuri kwa kazi ndogo, lakini ina tabia ya kubadili mambo kimya kimya. Iligeuza majina ya jeni kama SEPT1 kuwa tarehe kwa muda mrefu kiasi kwamba mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ilitangaza majina mapya ya jeni hizo. Kwa utafiti wenye wakusanyaji wengi tumia chombo kilichojengwa kwa kazi hiyo. REDCap, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, hukuonya papo hapo ukiandika umri wa 999, kama umeiwekea mipaka, na huweka kumbukumbu ya nani alibadili nini. Haina malipo kwa taasisi zisizo za faida zinazojiunga, ila taasisi ndiyo inayoisakinisha, kwa hiyo ulizia kitengo cha utafiti kama tayari ipo. KoboToolbox na ODK hukusanya kwa simu hata pasipo mtandao. EpiData ni nyepesi na ya bure.

Majina, namba za simu na namba za faili za hospitali zikae kwenye orodha nyingine iliyofungwa. Faili unalomtumia mtakwimu liwe na namba za utafiti tu.

Hatua ya 5: Programu ya kuchambulia

Watu huanza hapa, na ndiyo sababu nimeiweka hapa. Kwa kawaida programu zote kubwa zitakupa jibu lile lile kwa swali lile lile. Kanuni yangu ni moja: tumia ile anayoitumia mtu atakayekusaidia usiku ukikwama. Kama msimamizi wako anajua Stata, jifunze Stata.

Kama uko huru kuchagua na unatarajia kufanya utafiti zaidi ya mmoja, jifunze R. Iliandikwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, toleo la 1.0.0 likatoka Februari 2000, na ni ya bure kabisa. Mwezi wa kwanza ni mgumu, sitakuficha. Ukitumia RStudio, programu inayokupa mahali pazuri pa kuandikia na kuendeshea R, ugumu unapungua, na baada ya hapo kuna vifurushi vya karibu kila mbinu utakayoikuta kwenye majarida ya tiba.

Kwa anayetaka kubonyeza menyu, jamovi na JASP ni za bure, na nyuma ya pazia zote hutumia R. Kwa tasnifu yenye majedwali, ulinganisho wa makundi na regresheni, zinatosha. SPSS imekuwepo tangu 1968 na bado ndiyo inayofundishwa sehemu nyingi. Leseni yake ina gharama, hivyo uliza chuo kwanza. PSPP ni ndugu yake wa bure mwenye uwezo mdogo zaidi. Stata hupendwa na wanaepidemiolojia, na SAS imezoeleka kwenye majaribio ya kampuni za dawa. GraphPad Prism ni ya watu wa maabara. Kwa mapitio ya kimfumo, RevMan ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaoandaa mapitio hayo, ilitengenezwa kwa kazi hiyo hasa.

Programu iliyovunjwa leseni usiiguse. Faili linalotoka mahali pasipojulikana unalifungulia mlango kwenye kompyuta yenye taarifa za wagonjwa.

Menyu au msimbo (amri unazoandika mwenyewe), hifadhi kila hatua. SPSS ina faili la sintaksi, Stata ina do-file, R ina skripti. Mhakiki wa jarida akisema "ondoeni wajawazito mrudie", mwenye skripti anabadili mstari mmoja. Asiyekuwa nayo anaanza upya kukumbuka alibonyeza nini miezi minane iliyopita.

Programu za akili bandia zinasaidia kuandika msimbo na kueleza ujumbe wa kosa, nami nazitumia. Zijaribishe kwa data ya kubuni ambayo jibu lake unalijua, na usizipe kamwe data za wagonjwa. Kuhusu mbinu ipi inafaa muundo wa utafiti wako, usiishie kwenye jibu lao. Hujibu kwa kujiamini hata pale ambapo hukuziambia jambo muhimu kuliko yote.

Hatua ya 6: Kuelewa ulichopewa

Usiondoke mezani na namba usiyoweza kuieleza kwa mgonjwa. Tuseme kundi lililotumiwa ujumbe waliokosa ni 58 kati ya 291, na lisilotumiwa ni 87 kati ya 291. Tofauti ni karibu pointi 10 za asilimia, na wigo wa uhakika wa asilimia 95 unaanzia kama 3 hadi 17. Hiyo inamaanisha data hizi zinaendana na faida ndogo ya pointi 3 na pia kubwa ya pointi 17. Kwa mkuu wa kliniki anayeamua kama alipie ujumbe, wigo huo una maana kuliko "p chini ya 0.05". Chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 likisema wazi kwamba thamani ya p haipimi ukubwa wala umuhimu wa tokeo.

Ikitoka kwamba hakuna tofauti, andika hivyo, pamoja na wigo wake. Usimwombe mtakwimu atafute kundi dogo ambalo "litatoka". Tokeo lisilo na tofauti linamwokolea mwingine miaka miwili.

Hatua ya 7: Kuandika na kutuma

Pakua orodha ya kukagulia kabla ya kuandika: CONSORT kwa majaribio yanayogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, STROBE kwa tafiti za kuangalia bila kuingilia, PRISMA kwa mapitio ya kimfumo, STARD kwa vipimo vya uchunguzi. Zote zimekusanywa na mtandao wa EQUATOR, bila malipo. Taja jina la programu na toleo lake, sema ulifanyaje na data zilizokosekana, na sehemu ya takwimu aisome mtakwimu mwenyewe. Maoni ya wahakiki yakija, mrudie yeye yule.

Kisha tengeneza folda moja: data ghafi ambazo hakuna aliyezigusa, data zilizosafishwa, karatasi ya maelezo ya safu, skripti, na pendekezo lililopitishwa na kamati ya maadili. Mwite mwenzako aliye kwenye timu, mkalishe kwenye kompyuta nyingine ya taasisi, aendeshe skripti tangu mstari wa kwanza bila wewe kumwelekeza. Jedwali la kwanza likitoka sawa na lililomo kwenye makala, tuma.